Miezi 14 ndani ya geti, Bagamoyo: nyumba nzuri, ila njia ya kwenda baharini imefungwa

Nianze na kilichonipeleka kule, maana nisipokisema mtu atasoma huko mbele aseme huyu mama ana kinyongo na wenye nazo. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa tumepanga Kerege, nyumba ya kawaida tu yenye ua wa michongoma, na usiku mmoja wezi wakaingia kwa dirisha la jikoni. Walikata nondo mbili sie tumelala. Wakabeba tivii, mtungi wa gesi, simu mbili na cherehani yangu ya ovaloki, na mie nashona yunifomu za shule ndo kazi inayotulisha. Asubuhi nikaona alama za ndala zenye tope zimeanzia jikoni, zikapita sebuleni, zikaja mpaka kwenye mlango wa chumba wanacholala wanangu, pale zikasimama zote mbili sambamba kama mtu anayechungulia, halafu zikageuka. Vitu vinanunuliwa. Zile alama mbele ya mlango wa watoto sijazisahau mpaka leo, na mume wangu kazi yake iko Mtwara, nyumbani anakuja mara moja moja, kwa hiyo nikasema liwalo na liwe tunahamia ndani ya geti.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka ukuta na mlinzi mie simbishii hata kidogo. Najua anachokitafuta ni usingizi.

Jina la mahali silitaji. Ni esteti moja upande wa baharini, mkono wa kulia ukitokea Dar kwenda Bagamoyo mjini, nyumba kama arobaini hivi, ukuta mrefu pande tatu na upande wa nne ni bahari yenyewe. Nilikaa Februari 2024 mpaka mwisho wa Machi 2025. Kodi 550,000 kwa mwezi, inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anachukua ya mwezi mmoja, na sevisi chaji 80,000 kwa mwezi unalipa ya miezi mitatu mitatu, kwa hiyo siku naingia zilinitoka milioni nne na elfu tisini kabla sijanunua hata pazia. Mjipange.

Nyumba yenyewe sina neno baya. Vyumba vitatu, kimoja masta, jiko lina makabati ya kueleweka, dari ya jipsamu haivuji, madirisha ya aluminiamu yana wavu mzima, mbu nilikuwa nawasikia nje tu. LUKU kila nyumba na mita yake, hakuna ule ugomvi wa kuchangia umeme na mpangaji mwenzio anayepiga pasi usiku kucha. Maji ni ya kisima kirefu, wana matanki makubwa mawili, na kwa miezi yote 14 maji yalikatika siku tatu tu, ila yana chumvi kidogo, ya kunywa na ya chai utanunua. Upepo wa bahari unakula vyuma, bawaba za mlango wa nyuma zilikuwa zinalia baada ya miezi minne, ukipaka mafuta zinanyamaza wiki mbili zinaanza tena. Taka zinachukuliwa Jumanne na Ijumaa. Watoto wanaendesha baiskeli mpaka jua linazama na wala hukai roho juu kwamba gari litawagonga. Mwezi wa kwanza nililala kama sijawahi kulala, wallahi.

Sasa tuje kwenye geti, maana nyumba nzuri zipo kila mahali, hapa unalipia geti.

Pale getini kuna kibanda, kuna chuma kinachopanda na kushuka kwa ajili ya magari, na pembeni kimlango cha wanaotembea kwa miguu. Kwenye meza kuna kitabu cha wageni, daftari lile kubwa la kaunta, wamelipigia mistari kwa rula: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unaenda nyumba namba ngapi, muda wa kuingia, muda wa kutoka. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari. Mwenye gari hashuki. Mlinzi anachungulia, anapiga saluti, chuma kinapanda. Anayekuja kwa miguu ndo anaandikwa. Niliangalia hili kwa muda mrefu kabla sijalisema, nikadhani labda ni macho yangu, lakini ni hivohivo kila siku: mgeni mwenye gari ambaye mlinzi hajawahi kumuona anapita, na dada anayefua kwa jirani yangu, ambaye ameingia kwenye lile geti kila siku ya Mungu kwa mwaka mzima, anaandikwa upya kila asubuhi na mfuko wake unafunguliwa kila jioni.

Mie mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani, kule mitaa imenyooka, barabara ya ngapi na barabara ya ngapi, kila nyumba na kibaraza chake mbele, na unapita kwa yeyote unamsalimu unaendelea na safari yako. Raskazone ilikuwa uzunguni enzi za mkoloni. Bibi yetu alikuwa anatusimulia kwamba kule huendi hivihivi, uwe unakwenda kupika au kufua au kukata majani kwenye bustani ya mtu, na utaulizwa unakwenda kwa nani. Siku ya kwanza nilipomsikia mlinzi wetu anamuuliza mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, "unakwenda kwa nani?", nilimkumbuka bibi. Yule mzee alikuwa anakwenda kuangalia ngalawa yake.

Na hapo ndo penye kisa chenyewe.

Kabla ya ukuta kulikuwa na njia. Siyo barabara, ni njia ya miguu, inatokea kitongojini, inapita katikati ya minazi inashuka mpaka ufukweni. Wanaitumia wavuvi, wanaitumia watoto, lakini zaidi wanaitumia akina mama wa mwani. Asiyejua kilimo cha mwani nimueleze kidogo: mwani unafungwa kwenye kamba, kamba zinafungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, na kazi yote, kufunga, kupalilia na kuvuna, inafanyika maji yakiwa yamekupwa sana, yaani kipindi cha bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa siku una masaa matatu au manne. Maji yakianza kujaa hayamngoji mtu, ulichokifunga umekifunga, ambacho hujakifunga ndo basi mpaka kesho.

Ukuta ulivojengwa, wenye esteti waliacha kimlango cha chuma upande wa kitongoji na kingine kwenye ukuta wa pembeni karibu na bahari, wakawaambia wazee wa pale msijali, njia yenu ipo. Nilivohamia vilikuwa vinafunguliwa toka alfajiri. Mwezi wa sita hivi, kuna baiskeli ya mtoto ikaibiwa, ikaja meseji kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji kwamba kwa sababu za kiusalama vimlango vitafungwa, wote wapite geti kuu na waandikwe. Asubuhi iliyofuata nikaona kufuli mpya inang'aa, ile kubwa ya shaba. Kutokea kitongojini mpaka ufukweni ilikuwa dakika kumi. Kuzunguka ukuta mpaka upande wa mikoko ni karibu dakika arobaini, nimetembea mwenyewe na saa mkononi, na mie sikuwa nimebeba chochote. Mwenzangu ana kiroba cha mwani mbichi kichwani unachuruzika maji, ule mzigo huwezi kuufananisha na nguo. Dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi badala ya kumi kumi, kwenye masaa matatu ya bamvua, ni theluthi ya siku yake ya kazi imeliwa na ukuta.

Kuna waliojaribu kupita geti kuu. Siku moja natoka kwenda mjini kupeleka yunifomu, nikamkuta mama mmoja ametua kiroba chake pale pembeni ya kibanda, anatafuta kitambulisho kwenye pindo la khanga. Maji ya bahari yanatoka kwenye kiroba yanatiririka juu ya pevingi, yameshafika mpaka kwenye tairi la gari lililokuwa linasubiri. Mlinzi akamwambia, mama hebu chukua ufagio ufagie haya maji kwanza. Yule mama hakujibu. Alichukua ufagio akafagia, umri wake ni wa kuitwa bibi, akaurudisha pale alipoutoa, akajitwika kiroba chake akarudi alikotoka bila kuandikwa. Mie nilishuka kwenye bajaji nikamfuata nikamuomba radhi kwa niaba ya watu wote wa ndani ya ule ukuta. Akaniambia, "mwanangu wewe hujanikosea kitu, hii njia nimepita nikiwa tumboni mwa mama yangu."

Toka siku ile nikaanza kusoma. Watu wanauliza, hivi hizi esteti za geti sheria iziruhusu au izipige marufuku? Mie nimesoma nikiwa mkazi ninayelipa, siyo mtu wa nje anayerusha mawe, na nilichokiona ni kwamba swali limekaa vibaya. Ukuta wa nyumba siyo tatizo. Katiba yetu ibara ya 16 inampa mtu faragha na usalama wa nafsi yake na maskani yake, ya 24 inampa haki ya kumiliki mali na mali hiyo kulindwa. Lakini katikati yake ipo ya 17, ya uhuru wa kwenda popote ndani ya Jamhuri. Zote zimo kwenye Katiba moja. Na juu ya hapo ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndo mdhamini, tulichonacho kwenye hati ni haki ya kutumia kwa miaka kadhaa, mwisho 99. Kwa hiyo mtu akiniambia "hapa ni kwangu nafanya nitakavyo" namwambia soma hati yako vizuri, ina masharti.

Halafu Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu kabisa inayohusu haki za njia, njia ya umma kupita kwenye ardhi iliyomilikishwa kwa mtu. Yani siyo jambo geni. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufukwe, kwa hiyo ule ukanda wa chini pale hakuna wa kuufanya uwanja wake. Sasa ufukwe uwe wa wote halafu njia ya kuufikia iwe na kufuli ya mtu mmoja, huo uwazi unamsaidia nani? Anayetaka kuufikia aje na boti?

Nilimfuata mwenyekiti wa kitongoji nikamuuliza ilikuwaje. Jibu lake lilinifungua macho kuliko vyote nilivyosoma. Akasema hakuna aliyeiba njia. Wapimaji walivokuja kupima viwanja walichora barabara za magari, kwa sababu barabara ya magari ina upana wake inaonekana, na njia ya miguu hawakuichora kwa sababu kwa macho ya mpimaji ile ni nyasi zilizokanyagwa tu. Ramani ikaenda ikapitishwa. Kwenye ramani njia haipo, kwa hiyo kisheria aliyejenga ukuta hajafunga kitu. Watu wamepita pale vizazi na vizazi na karatasi inasema hawajawahi kupita.

Kwa hiyo maoni yangu, na hapa nasema kwa moyo wangu wote: ruhusuni geti, lakini ramani ya eneo lolote linalotaka kuzungushiwa ukuta isipitishwe mpaka mpimaji atembee na wenyeji kwa miguu, wavuvi, akina mama wa mwani, wanaokwenda kisimani, wanaokwenda msikitini na makaburini, njia zao zote zichorwe zipewe upana wake, na ukuta ukija ujengwe kwa kuzifuata. Mita mbili tu. Ukuta ukapasuka mara mbili, esteti ikawa vipande viwili, kila kipande na geti lake, njia ikabaki katikati. Hilo litaongeza tofali, sawa, lakini anayejenga nyumba arobaini za kupangisha kwa laki tano na nusu tofali hizo hazimshindi.

Wenzetu huko nje wameshagombana sana juu ya hili. China mwaka 2016 serikali kuu ilitoa mwongozo kwamba makazi mapya ya kuzungushiwa ukuta yasijengwe tena na ya zamani yafunguliwe pole pole, barabara zake ziingie kwenye mtandao wa mji. Los Angeles kule Marekani, mtaa wa Whitley Heights walitaka kuweka mageti kwenye barabara za umma, mahakama mwaka 1994 ikawakatalia, barabara ya umma haifungwi kwa ajili ya wakazi wachache. Afrika Kusini ikaenda kwingine: kesi ya esteti ya Mount Edgecombe, KwaZulu-Natal, ilianzia kwenye faini za mwendokasi ndani ya esteti, Mahakama Kuu 2017 ikasema zile barabara za ndani ni za umma, halafu 2019 Mahakama ya Rufani ikapindua, ikasema ni za binafsi na mkazi amefungwa na kanuni alizozikubali mwenyewe alivojiunga.

Hiyo ya Afrika Kusini mie naikubali kabisa kwa upande wangu. Nilisaini mkataba, kanuni nilizisoma, mwendo kilomita 20, muziki mwisho saa nne, sawa. Ila mama wa mwani hakusaini chochote. Mkataba wangu mie na mwenye esteti unamfungaje mtu ambaye hakuwepo mezani? Hapo ndipo sheria inatakiwa iingie, kumlinda yule ambaye hayumo kwenye mkataba.

Sasa usalama wenyewe, maana ndo bidhaa tuliyonunua. Miezi 14, ukiacha ile baiskeli, wizi mwingine ulikuwa mmoja, pampu ya maji ya nyumba ya mwisho kule chini. Waliiba baada ya vimlango kufungwa, siyo kabla. Waliingia kwa upande wa bahari usiku maji yamekupwa, maana ukuta hauwezi kuingia baharini, ukikupwa vizuri mtu anatembea kwa miguu anazunguka mwisho wa ukuta anaingia. Zamani toka alfajiri ile njia ilikuwa na watu, wavuvi wanashuka, akina mama wanashuka, wanajuana wote kwa majina, mgeni akipita anaulizwa habari za asubuhi na anaonekana. Tulivowafunga wale njia tulijiondolea walinzi ambao hatukuwa tunawalipa. Mlinzi wa geti yuko mita mia nne kutoka ufukweni, usiku ana tochi na filimbi, atamuona nani?

Na geti haliwazuii wezi peke yao. Usiku mmoja mwezi wa tisa mwanangu mdogo alishikwa na homa kali, mwili unawaka, macho yamegeuka, nikaogopa degedege. Nikampigia kijana wa bajaji ninayemjua, akaja ndani ya dakika sita. Akazuiwa. Kanuni inasema bajaji na bodaboda haziingii baada ya saa nne usiku. Nikampigia mlinzi, akasema mama mie nafuata maagizo, nikampigia msimamizi, simu haipokelewi. Nikambeba mtoto mgongoni nimemfunga kwa khanga, mkubwa nimemshika mkono, tukatembea toka nyumba namba 33 mpaka getini usiku ule, taa za barabarani zinawaka vizuri sana, kila kitu kisafi, na mie nalia. Mtoto alipona, alhamdulillah, ilikuwa malaria. Yule mlinzi simlaumu, mshahara wake wenyewe naujua na angelifungua geti usiku ule angefukuzwa kesho yake. Namlaumu aliyeandika kanuni bila kuacha hata mstari mmoja wa dharura. Kama sheria itaruhusu esteti hizi basi iseme wazi: gari la zimamoto, ambulansi, na chombo chochote kinachobeba mgonjwa, iwe bajaji iwe mkokoteni, geti linafunguka kwanza maswali baadae.

Sevisi chaji. Niliingia ni 80,000. Novemba ikawa 120,000 kwa meseji ya WhatsApp, mistari mitatu, "kutokana na kupanda kwa gharama". Gharama zipi? Tuliomba mahesabu, mara ya kwanza wakajibu yanaandaliwa, mara ya pili aliyeuliza akatolewa kwenye grupu. Hakuna mkutano wa wakazi, hakuna kamati, hakuna wa kumkalia kikao. Kwenye maghorofa kuna Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, wenye sehemu wanakuwa na chama chao kinachosimamia maeneo ya pamoja. Sie wapangaji wa nyumba za chini ndani ya ukuta tunalipa taa, ulinzi, taka na maji kama kodi ya halmashauri ndogo, halafu hatuna diwani wala mtendaji wa kumuuliza.

Tena hapo nikumbushe kitu. Novemba 2024 tulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania Bara yote. Kwenye nyumba zaidi ya thelathini zenye watu, tuliojiandikisha kitongojini hatukufika kumi, wengi hata hawajui kitongoji chao kinaitwaje. Baada ya uchaguzi mwenyekiti akaja kujitambulisha kwa wakazi, na pale getini akapewa kalamu ya uzi aandike jina, simu, kitambulisho, anakwenda nyumba namba ngapi. Akaandika namba ya kwangu kwa sababu ndo nyumba pekee aliyokuwa anaijua. Mtu tuliyempigia kura, eneo lake la uongozi limemuandika mgeni. Alikaa sebuleni kwangu akanywa chai, akasema wala hajakasirika, ila ulinzi shirikishi wa vijana wa kitongoji ndo wanaozunguka nje ya ukuta wetu usiku, na hakuna nyumba hata moja ya ndani inayochangia.

Watu watasema basi hamia uswahilini ukaibiwe tena. Nimehamia Magomeni ya hapa Bagamoyo, nyumba ya 350,000, ina ukuta wake wa mita mbili, geti lake la chuma, nondo nimeongeza mara mbili jikoni, taa ya nje inawaka usiku kucha. Ukuta ninao na naupenda. Ukitaka kujua wazee wa pwani waliishi vipi na jambo hili nenda kaangalie nyumba za Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo: ukuta mnene, mlango mzito wa kuchonga, ndani hakuna anayekuona, stara imekamilika. Na nje, palepale pembeni ya mlango, pana baraza ya kukaa mpita njia, na kichochoro hakina bawaba. Ukuta ni wa mwenye nyumba, kichochoro ni cha watu. Hawa wazee walikuwa matajiri, wengine wana meli na misafara, na hawakuona haja ya kufunga mtaa mzima.

Kwa mnaotaka kupanga pale au sehemu inayofanana nayo, alama zangu ni hizi: nyumba nyota 4, maji na usafi 4, ulinzi 3, usimamizi 1, na kwa ile kufuli siwapi nyota. Kabla hujatoa hela muulize dalali mbele ya msimamizi, siyo pembeni: bajaji inaingia saa ngapi ukiwa na mgonjwa, sevisi chaji imepanda mara ngapi kwa miaka miwili iliyopita na nani alikubaliana nayo, mahesabu yanabandikwa wapi, dada wa kazi anakaguliwa na nani, na kabla ya huu ukuta watu walikuwa wanapita wapi. Hilo la mwisho dalali hatakujibu, toka nje ya geti umuulize muuza maandazi wa kwanza utakayemkuta.

Kitongoji kimeandika barua halmashauri kuomba ile njia ipimwe na kuingizwa kwenye ramani. Mie nimesaini ijapokuwa nimeshahama, ukurasa wa pili, mstari wa 31. Kwa mnaoishi ndani ya ule ukuta na mnasoma hapa, majina ya watu wa ndani yako manne tu. Karatasi bado ipo kwa mwenyekiti, anapatikana jioni baada ya alasiri, na kwake hamtaandikwa kwenye daftari.